Ukubwa ni Jaa

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema kwamba ukubwa ni jaa. Kwa wale waliokulia mjini, jaa ni lile jalala ambalo kila nyumba humwaga taka zake. Watu wengi huitumia methali hii kwa kunung'unika, wakimaanisha kuwa mkubwa hana raha, kwani kila mtu humletea uchafu wake. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba wahenga walikuwa wakieleza kazi ya ukubwa ilivyo. Jaa haliulizi taka imetoka nyumba gani. Na jaa likifungwa, taka haziishi: hubaki majumbani zikioza, mpaka mtaa mzima unuke.

Ndivyo ilivyo mahali pa kazi. Mfanyakazi anayenyamaza mbele ya mkubwa wake hakosi la kusema. Analo, naye hulisema njiani, hulisema kilabuni, na zaidi ya yote hulisema nyumbani. Mama watoto ndiye anayelipokea lile neno ambalo msimamizi alikataa kulisikia, na watoto ndio wanaolipokea kwa sauti ya ukali wasiojua asili yake. Kwa sababu hiyo habari ya kiongozi wa kazi na sikio lake ni habari ya familia, na ina haki ya kuzungumzwa katika ukurasa huu.

Tunaposema kiongozi wa kazi hatumaanishi meneja mwenye ofisi ya zulia peke yake. Msimamizi wa ghala ni kiongozi, mwalimu mkuu ni kiongozi, mganga mfawidhi wa zahanati ni kiongozi, na mwenye mtumbwi aliyeajiri wavuvi wanne ni kiongozi pia. Juma hili tutachukua mifano yetu hasa katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kwa kuwa huko milima na maji vimewafundisha watu mengi juu ya jambo hili.

Tuanze ziwani. Katika mwambao ule, kuanzia Lituhi, kupita Liuli, hadi Mbamba Bay, wavuvi wa usipa hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, kwa maana samaki hao wadogo huufuata mwanga. Mwenye chombo mara nyingi hubaki nchi kavu. Sasa, ziwa hili lina upepo wa kusini uitwao mwera, ambao ukivuma kwa nguvu huinua mawimbi yasiyo na mzaha. Tuseme wavuvi wameona dalili zake, wakaamua kurudi kabla ya wakati, na mtumbwi una samaki wachache. Mwenye chombo anawapokea ufukweni kwa matusi: "Nyinyi ni wavivu, mnaogopa hata upepo wa kupunga!" Hawamjibu neno. Wanakunja nyavu zao, wanakwenda zao.

Je, ndugu msomaji, mwenye chombo yule amefanya nini asubuhi ile? Yeye anadhani amewatia wavuvi wake bidii. Ukweli ni kwamba amewafundisha somo moja tu: habari mbaya haipokewi hapa. Siku nyingine watakapoiona dalili ile ile watatazamana, watakumbuka matusi ya ufukweni, nao watabaki ziwani. Hapo hasara haitahesabiwa kwa ndoo za usipa.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila kiongozi anapaswa kulielewa. Ukimya wa wafanyakazi hauji wenyewe. Mara nyingi hufundishwa, na mwalimu wake ni kiongozi. Hufundishwa kwa neno moja la dharau katika mkutano, kwa kicheko mbele ya wenzake, kwa uhamisho wa ghafula wa mtu aliyeuliza swali. Wafanyakazi wengine ishirini waliokuwa wakitazama hujifunza somo lile lile bila ya wao kuguswa. Kisha kiongozi husimama mbele ya wageni na kusema kwa fahari, "Hapa kwangu hakuna malalamiko."

Tupande sasa milimani, kwenye kahawa. Kahawa mbivu ikichumwa inapaswa kumenywa siku ile ile. Baada ya hapo huachwa ichachuke ili ule ute ulegee, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja kwa siku nyingi, ikigeuzwa-geuzwa, mpaka unyevu ushuke kufikia kiasi cha asilimia 11 au 12. Ikicheleweshwa hatua moja tu, kahawa huvunda, harufu yake hubadilika, na daraja lake hushuka. Msimamizi huyajua haya kwa daftari lake. Lakini kibarua anayeigeuza kahawa kutwa nzima anayajua kwa mkono na kwa pua. Yeye ndiye wa kwanza kuhisi kuwa ute haujatoka sawasawa, kwamba maji ya mfereji yamepungua, kwamba ile mashine ya kumenyea inakwaruza punje.

Kibarua huyo akisema na kusikilizwa, kasoro hurekebishwa asubuhi ile ile. Akinyamaza, kasoro itagunduliwa mnadani, na mnunuzi hana huruma. Na hasara itakapogawanywa haitaishia kwa msimamizi. Itaingia katika nyumba za wakulima ambao hawakuwapo kabisa wakati neno lilipomezwa. Itaonekana mwezi wa Januari, watoto wanapotakiwa kwenda shule wakiwa na sare na madaftari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiongozi anaweza kuwa na elimu kubwa juu ya vitanda, lakini habari ya kunguni hana budi kuiuliza kwa anayelala.

Historia ya nchi yetu inalo fundisho juu ya jambo hili, nalo ni la milima miwili. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa miaka mingi kwa njia ya ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga chini katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani yale, hata shamba zima likawa na mashimo yaliyopangika kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutua ndani ya mashimo badala ya kuporomoka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records akieleza kuwa kilimo hiki cha Wamatengo ni njia ya kuhifadhi udongo. Alitazama kwanza kile ambacho wenye mlima walikuwa wakikifanya, akakuta elimu iko tayari.

Katika milima ya Uluguru mambo yalikuwa kinyume. Serikali ya kikoloni, katika miaka ya mwanzo ya 1950, iliwalazimisha wakulima wachimbe matuta ya ngazi kila mahali. Waluguru walieleza kwamba udongo wao wa juu ni mwembamba, na kwamba ukichimbwa namna ile hufukiwa na ule usio na rutuba ukabaki juu. Walieleza pia kuwa kazi ile ilikuwa mzigo juu ya mizigo. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango wenyewe ukaachwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani kuuokoa udongo. Kilichopungua ni kuuliza, na gharama ya kutouliza ililipwa na watu ambao hawakuupanga mpango ule.

Baadhi ya viongozi watasema, "Mimi mlango wangu uko wazi. Mwenye neno na aje." Ndugu kiongozi, hebu ufikirie mlango huo ulivyo kwa mtu wa chini. Kwanza aache kazi yake, wenzake wakimwona. Kisha apite kwa karani ambaye atamwuliza, "Una shida gani?" Kisha akae kwenye benchi nusu saa akiyapanga maneno yake, na kila dakika moja ujasiri wake ukipungua. Mlango ulio wazi namna hiyo ni mlango uliofungwa kwa adabu. Anayeweza kuupita ni yule mwenye ujasiri mwingi, au yule aliyekuja kuwachongea wenzake. Matokeo yake kiongozi husikia majungu, akadhani amesikiliza wafanyakazi.

Wazee wa Umatengo walikuwa na dawa ya tatizo hili, nao waliiita sengu. Watu wa ukoo mmoja, hasa wanaume, wazee kwa vijana, walikutana nyumbani kwa mzee wao, na chakula kililetwa kutoka nyumba mbalimbali wakakila pamoja. Katika kula huko ndiko habari za mashamba zilikozungumzwa, ugomvi ukasuluhishwa, vijana wakafundishwa, na mwenye upungufu akajulikana kabla ya kuomba. Tazama hekima ya jambo hili. Hapakuwa na haja ya mtu kujikaza na kupiga hodi kwa mzee. Mahali palijulikana, saa ilijulikana, na mkono wa kila mtu ulikuwa katika chungu kimoja. Kusema kulikuwa ni jambo la kila siku kama kula, wala hakukuhitaji ushujaa.

Mila ile imefifia kadiri miaka ilivyopita, lakini maana yake haijafa. Sokoine, Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoko Morogoro, kilishirikiana na Wajapani katika kazi ya maendeleo vijijini huko Mbinga kati ya mwaka 1999 na 2004. Katika kijiji cha Kindimba wataalamu na wanakijiji walizungumza kwa muda mrefu juu ya mahitaji ya pale, na moja ya matunda ya mazungumzo hayo ilikuwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kamati ya wanakijiji iliyosimamia shughuli hizo iliitwa Sengu. Sidhani kwamba jina hilo lilichaguliwa kwa bahati. Wenyewe waliona kuwa kamati inayotaka kuaminiwa haina budi kufanana na pale mahali pa zamani ambapo kila neno lilipokewa.

Jirani ya Mbinga, katika Songea, kulikuwa na mfano mwingine. Kijiji cha Litowa, kilichoanzishwa na vijana wa TANU mwanzoni mwa miaka ya 1960, pamoja na vijiji vingine vya Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, viliendesha kazi zake kwa mikutano ya wanakijiji wenyewe. Wasimamizi wa kazi walichaguliwa na wale waliowasimamia. Umoja huo ulivunjwa mwezi Septemba 1969 kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU. Lakini jambo moja lilikwisha kuonekana: kwamba watu wenye elimu ndogo ya darasani wanaweza kuipanga kazi ngumu, na kuikosoa wao wenyewe, ikiwa wanajua kuwa neno lao lina uzito.

Taifa letu halikulipuuza jambo hili. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea majivuno na dharau za viongozi. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 imeyapa mabaraza nafasi yake katika ofisi za serikali, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumza habari ya wafanyakazi kushirikishwa. Kwa hiyo mahali pa kusikiliza pamewekwa na sheria. Swali ni kama panasikilizwa.

Maana baraza laweza kuwa ngonjera. Mkuu wa kazi anaketi mbele, makabrasha ya bajeti yenye kurasa mia yanagawiwa asubuhi ile ile, mhasibu anasoma tarakimu kwa saa mbili, kisha mwenyekiti anauliza, "Kuna swali?" huku akitazama saa. Wajumbe wanapiga makofi, wanatia saini posho zao, wanarudi. Kumbukumbu za mkutano zitaonyesha kwamba wafanyakazi walishirikishwa. Mioyo yao itaonyesha vingine.

Tena iko kasoro nyingine iliyojificha. Tumesema kuwa walioketi katika sengu walikuwa hasa wanaume. Na tumesema kuwa wanaochimba udongo wa ngoro ni wanawake. Sasa, ukitaka kujua ugumu wa kuchimba ngoro, utamwuliza nani? Kila baraza lina watu ambao hawamo, na mara nyingi ndio wenye habari inayotakiwa. Kibarua wa msimu hana mjumbe. Mfagizi huingia ofisini watu wakiwa wametoka. Mlinzi wa usiku hulala wakati wa mikutano, naye ndiye anayejua ni gari gani hutoka saa nane za usiku. Kiongozi mwema, kabla ya kufunga mkutano, na ajiulize: ni nani asiyekuwapo hapa, ambaye kazi yake ndiyo tuliyoizungumza?

Na namna ya kuuliza nayo ina elimu yake. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago nchini Marekani, wakuu wa kampuni walianza mwaka 1928 kuwahoji wafanyakazi wao, na kwa muda mfupi wakahoji zaidi ya 20,000. Mwanzoni wahoji walikuwa na maswali yaliyokwisha andikwa. Wakagundua kuwa mfanyakazi hujibu kwa ufupi lile aliloulizwa, kisha huanza kueleza jambo lake mwenyewe. Basi wakabadili njia: wakamwacha aongoze mazungumzo, wao wakasikiliza bila ya kumkatiza wala kumhukumu. Mazungumzo yakawa marefu zaidi, na yale yaliyokuwa yamefichika yakajitokeza. Somo lake ni jepesi kulisema na gumu kulitenda: anayeuliza maswali yake peke yake hupata majibu ya mambo ambayo tayari anayajua.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji wenye madaraka wamekwisha kuanza kutikisa kichwa. Watauliza, "Nikimsikiliza kila mtu, kazi itafanyika saa ngapi? Na je, nikubali kila ninaloambiwa?" Ni maswali ya haki. Juu ya la kwanza, nusu saa kila Jumatatu, mahali panapojulikana, pasipo karatasi, inatosha kwa karakana yenye watu kumi na tano. Ni muda mdogo kuliko ule unaopotea katika kutafuta nani aliyeharibu. Juu ya la pili, kusikiliza si kukubali. Mfanyakazi mzima hategemei kwamba kila neno lake litakuwa amri. Anategemea jibu. Kiongozi akisema, "Ndugu zangu, lile la viatu vya mpira nimelipeleka, fedha zitapatikana robo ijayo, lile la kubadili zamu siliwezi, na sababu zake ni hizi," watu watanung'unika kidogo kisha watarudi kazini wakiwa na heshima yao. Lakini neno likiingia katika sikio la mkubwa lisitoke tena, wataona kuwa afadhali wangeliambia jiwe.

Basi, kwa kifupi, sikio la kiongozi linahitaji mambo manne. Liwe na mahali na saa, ili kusema kusiwe ushujaa. Liwafuate wasiofika mkutanoni, huko huko waliko kwenye kazi zao. Limlinde mleta habari mbaya, hata kama habari yenyewe inamgusa kiongozi mwenyewe. Na hapa ndipo kipimo halisi kilipo, kwani hakuna asiyependa kusikia sifa. Na mwisho, lirudishe jibu, liwe la ndiyo au la hapana, kwa wakati ulioahidiwa.

Kwa upande wa pili, nanyi ndugu wafanyakazi mna wajibu. Semeni jambo, msiseme mtu. "Mashine ya tatu inavuja tangu Jumanne" ni habari. "Fulani ni mzembe" ni fitina mpaka ithibitishwe. Baraza likigeuzwa kuwa uwanja wa kulipizana visasi, kiongozi mwoga atapata kisingizio cha kulifunga, na wa kulaumiwa tutakuwa sisi wenyewe.

Ndugu msomaji, pengine wewe si meneja wala msimamizi, na umesoma hadi hapa ukifikiri kuwa maneno haya ni ya wengine. Lakini huenda una msichana anayekusaidia kazi za nyumbani, au kijana anayekuchungia ng'ombe, au binti wa miaka kumi na minne ambaye siku hizi hujibu "hakuna" kila anapoulizwa kuna nini shuleni. Huyo naye amejifunza mahali fulani kwamba neno lake halipokewi. Jioni ya leo mkiwa mezani, usimwulize swali. Mwachie nafasi katika mazungumzo, na atakapoanza, usimkatize, hata kama analoleta lina harufu. Wewe ndiwe mkubwa wa nyumba hiyo, nawe unajua wahenga walichosema juu ya ukubwa.